Mpe nafasi kwanza, dada

Dada, unasema huyo mjusi wako mwenye ndevu ana wiki sita, umekaa naye siku tatu, na kila ukiingiza mkono anakimbilia chini ya gogo. Siku tatu ni chache mno kwake kukuzoea. Wiki ya kwanza mlishe, msafishie, basi.

Halafu angalia mkono wako unatokea wapi. Kwao Australia ndege humnyakua kutoka juu, na utosini ana jicho dogo la tatu linalohisi mwanga na kivuli tu. Mkono ukishuka kutoka juu, kwake huyo ni mwewe. Mimi nilikuwa naupitisha ubavuni, chini chini, nalaza kiganja na kuweka nyenje karibu na vidole (nyenje asiyezidi nafasi iliyo kati ya macho yake). Siku kadhaa alinitazama tu. Kisha akapanda mwenyewe.

Akipanda, mtegemeze kifua na miguu yote, ukiwa umekaa sakafuni maana hawa huruka ovyo. Dakika tano zatosha. Mkia usiuguse: ukikatika hauoti tena, si kama wa mjusi kafiri. Ndevu (ile ngozi yenye miiba chini ya kidevu) zikiwa nyeusi, ana hofu au hasira, mrudishe. Akipunga mkono polepole hakusalimu, anakwambia "nimekubali, wewe mkubwa".

Joto hukutaja. Pale anapoota joto pawe nyuzi 40 hivi; akiwa na baridi hata chakula hakisagiki, sembuse kuzoea watu. Na nawa kwa sabuni kila ukimshika, hawa hubeba salmonela, bakteria wa kuharisha.