Mteja Asiyetajwa: Kukabili Mitanziko ya Kimaadili Unapowasimamia Wanasihi

Kwa wiki sita mfululizo, mnasihi mmoja niliyekuwa nikimsimamia alipofika kwenye jina la mteja fulani katika daftari lake alisema tu, "Huyu anaendelea vizuri," kisha akafunua ukurasa. Wateja wengine aliwazungumzia kwa kirefu, akiniuliza hili na lile. Wiki ya saba nilimwomba tusome pamoja kumbukumbu za vikao vya mteja huyo, nikakuta mistari miwili miwili, ilhali kumbukumbu za wenzake zilijaza ukurasa. Alinyamaza, akaweka kalamu mezani, kisha akanieleza kwamba mteja alikuwa akimtumia ujumbe karibu kila usiku, naye alikuwa akiujibu kwa sababu mteja aliwahi kujaribu kujiua, na aliogopa kwamba siku atakayoacha kujibu ndiyo siku jambo hilo litakaporudi.

Nilimwambia hapo hapo aache kujibu. Alitii usiku ule ule. Mteja hakufika kwenye kikao kilichofuata, wala kilichofuatia, na ilituchukua karibu mwezi mzima kumrudisha, akiwa na hasira ambayo alikuwa na haki nayo, kwa sababu mlango aliozoea kuukuta wazi ulifungwa bila neno. Kanuni niliyoitaja ilikuwa sahihi: mawasiliano ya usiku yasiyo na mpango humchosha mnasihi na kumpa mteja matumaini ambayo hayawezi kutimizwa. Hata hivyo, nilikimbilia kurekebisha mwenendo wa mnasihi kabla sijauliza mteja yuko katika hali gani. Nilipaswa kwanza kuhakikisha siku hiyohiyo kwamba hatari ya kujiua imepimwa upya, kisha kumsaidia mnasihi aandae mazungumzo ya ana kwa ana ambamo angekiri kwamba alitoa ahadi asiyoweza kuitunza, na wakubaliane mteja ampigie nani usiku ukimlemea. Hayo yangechukua wiki moja au mbili, na katika muda huo ujumbe mfupi wa usiku usingekuwa dhambi kubwa kuliko ukimya.

Tangu hapo nimeamini kwamba sehemu kubwa ya kazi yetu ya kimaadili hufanyika kabla mtanziko haujajitokeza. Msimamizi anabeba dhamana ya mteja ambaye pengine hajawahi kumwona, anayemjua kwa kusimuliwa tu, na anayesimulia ni mtu anayefahamu fika kwamba msikilizaji wake ndiye atakayejaza fomu ya kumpima. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua, lakini ni juu yetu kujiuliza kwa nini maradhi yalifichwa. Mnasihi yule hakunificha kwa ubaya. Alinificha kwa sababu mara mbili alizowahi kuniletea kosa dogo, nilianza kwa kumnukulia kifungu cha maadili.

Kwa hiyo kikao cha kwanza na kila ninayemsimamia siku hizi hakigusi mteja yeyote. Tunaandika makubaliano: ni mambo gani yatabaki kati yetu, yapi nitalazimika kuyafikisha kwa uongozi au kwa chuo chake, nitamtathmini kwa vigezo vipi, na anaweza kunilalamikia kwa nani iwapo mimi ndiye tatizo. Hili la mwisho wasimamizi wengi hulisahau, na nadhani ndilo linalojenga imani kuliko yote. Mteja naye anastahili kujua. Kanuni za Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani, kwa mfano, zinataka mteja anayehudumiwa na mwanagenzi aliye chini ya dhamana ya kisheria ya msimamizi aelezwe hivyo wakati wa kutoa ridhaa, na atajiwe jina la msimamizi huyo. Nimewasikia wanagenzi wakilalamika kwamba kusema hivyo kunawashusha mbele ya mteja. Nawaelewa, lakini ridhaa ya mtu asiyejua siri zake zinafika wapi si ridhaa.

Iko mitanziko ambayo makubaliano hayaizuii, hasa pale mteja anapotishia kumdhuru mtu mwingine. Kila anayesimamia wanasihi anapaswa kuisoma kesi ya Tarasoff, iliyotolewa uamuzi na Mahakama ya Juu ya jimbo la California mwaka 1976. Mteja mmoja wa hospitali ya Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alimwambia mwanasaikolojia wake mwaka 1969 kwamba angemuua msichana ambaye ilikuwa rahisi kumtambua. Mwanasaikolojia aliwaandikia polisi wa chuo, nao wakamshikilia mteja kwa muda mfupi na kumwachia. Kwa mujibu wa madai yaliyofikishwa mahakamani, mkuu wa idara ya magonjwa ya akili aliagiza barua ile irejeshwe, nakala zake na kumbukumbu za tiba ziharibiwe, na hatua za kumweka mteja chini ya uangalizi zisitishwe. Tarehe 27 Oktoba mwaka huo msichana huyo, Tatiana Tarasoff, aliuawa, bila yeye wala wazazi wake kuonywa. Mahakama ilisema kwamba mtaalamu anayetambua hatari kubwa ya namna hiyo ana wajibu wa kuchukua hatua za busara kumlinda anayetishiwa. Kesi hii hufundishwa kama somo la usiri wa mteja na mipaka yake, na ni sawa, ila mimi huifundisha kwa sababu ya barua. Aliyekuwa karibu na mteja aliiona hatari, na aliyekuwa juu yake ndiye anayedaiwa kuizima.

Sheria zinatofautiana kutoka nchi hadi nchi. Mahali pengine kutoa tahadhari ni lazima, pengine ni ruhusa tu. Isome sheria inayokuhusu leo, ukiwa umetulia, kwa sababu siku mnasihi atakapokupigia simu akitetemeka hutakuwa na utulivu wa kusoma. Siku hiyo swali langu la kwanza huwa ni nani anaweza kudhurika kabla ya kesho, na mengine yote yanasubiri jibu lake. Baada ya hapo namtafuta mwenzangu aliye nje ya mnyororo wa madaraka yetu, ninamweleza bila kutaja jina la mteja, kisha naandika: nimeambiwa nini, saa ngapi, njia zipi zilikuwepo, na kwa nini nimeiacha ile niliyoiacha. Sababu za kuiacha njia fulani ndizo ngumu kuandika, na mara mbili kuziandika kumenifanya nibadili uamuzi.

Kuhusu uhusiano wa kimapenzi kati ya msimamizi na anayemsimamia sina la kurefusha. Huo si mtanziko, ni marufuku.

Mtanziko ulionisumbua kuliko yote haukuwa na hatari ya kifo ndani yake. Ilikuwa fomu ya kurasa mbili. Mwanagenzi mmoja alikuwa amebakiza saini yangu tu kumaliza mafunzo, huku kwa miezi minne nikiona akichelewa vikao, akisahau mambo mazito aliyoelezwa na wateja, na kuacha kumbukumbu bila kuandikwa. Nilijua nyumbani anauguza mzazi. Kituo kilikuwa na upungufu wa wanasihi, na uongozi ulinidokeza kwamba nitie saini mambo yaende. Funika kombe mwanaharamu apite. Nilikaa na fomu ile siku tatu. Sikutia saini, lakini nilipomweleza sababu alinitazama akauliza, "Mbona hukuniambia tangu mwezi wa kwanza?" Sikuwa na jibu. Kwa kumhurumia, nilikuwa nimemnyima nafasi ya kujirekebisha, na huruma ile ililipiwa na wateja wake. Tuliongeza miezi mitatu yenye malengo ya maandishi, tukampunguzia wateja, na kwa ruhusa ya wateja hao nikawa nahudhuria baadhi ya vikao. Alimaliza vizuri, ingawa hakutaka niendelee kumsimamia.

Kwa sababu yake, sasa natoa tathmini ya maandishi kila mwezi, hata kama haina zaidi ya aya moja. Alipozungumzia uchovu wake nilimsikiliza, kisha nikamwelekeza kwa mnasihi mwingine, kwa kuwa nisingeweza kuwa tabibu wake asubuhi na mpimaji wake jioni.

Na kwa sababu ya yule wa ujumbe wa usiku, kila kikao cha usimamizi nakifunga kwa swali moja: "Ni mteja gani hatujamtaja leo?" Kisha nanyamaza, hata dakika mbili zikipita. Mara nyingi jibu ni kwamba hakuna. Wakati mwingine daftari lililokwisha kufungwa hufunguliwa tena, na kurasa hurudishwa nyuma.