Ile "tak!" ya spika: kubadilisha sauti kwa chipu za lojiki

Kisanduku changu cha kwanza cha kuchagulia sauti kilikuwa na 4066 moja (chipu ya swichi za kielektroniki), 4013 moja (chipu inayokumbuka hali na kuamuru swichi ipi iwake) na kitufe. Ukibonyeza, amplifaya inaiacha redio na kushika kinanda. Lakini kila nilipobonyeza, spika ililia "tak!" kwa nguvu ya kumshtua mtu. Nilibadilisha kitufe mara 3, nikabadilisha na chipu. Tak ikabaki palepale.

Kama na wewe umefika hapo, achana na kitufe, shika multimita. Pima volti za DC (zile zilizotulia, zisizopanda na kushuka kama sauti) kwenye miguu ya swichi huku hakuna muziki unaopita. Mimi nilikuta mguu wa redio una volti 4.5, na wa kinanda haufiki hata volti 1. Swichi ilipohama kutoka mguu mmoja kwenda mwingine, volti ziliruka, na spika haiwezi kutofautisha mruko huo na sauti nyingine yoyote.

Ndani ya 4066 mna swichi 4, kila moja na pini yake ya kuiwasha. Ukiilisha volti 9, kila kinachopita kwenye swichi lazima kibaki kati ya 0 na 9. Sauti nayo hupanda juu ya sifuri na kushuka chini yake, kwa hiyo ukiiingiza hivihivi, nusu ya chini inakatwa na daiodi za ulinzi zilizomo ndani ya chipu, na unasikia mkwaruzo. Dawa yake ni kuinyanyua. Gawa volti 9 kwa rezista 2 za kilo-omu 10, weka kapasita ya mikrofaradi 10 kutoka katikati kwenda graundi, utapata volti 4.5 zilizotulia. Kisha pitisha kila sauti kwenye kapasita, inayopitisha sauti na kuzuia volti za DC, na kutoka kila mguu wa swichi, wa kuingilia na wa kutokea, funga rezista ya kilo-omu 100 hadi kwenye hizo volti 4.5. Upande wa nje wa kila kapasita weka rezista nyingine ya kilo-omu 100 kwenda graundi, ili upande huo usielee (usibaki bila volti maalumu) waya ukichomolewa. Mimi niliisahau rezista moja tu, ya kinanda, na ikanila wiki nzima.

Siku hizi, nikiwa na umeme wa +5 na -5, nachukua 4053, chipu nyingine ya swichi. Pini yake ya 7 inapokea volti hasi, basi sauti inapita ikizunguka sifuri bila kunyanyuliwa, huku lojiki ikiendelea na 0 na 5 zake. Naipenda mno kwa stirio: ina swichi 3 za njia mbili, 2 zinatosha kushoto na kulia, na pini ya kudhibiti ya ile ya tatu naifunga graundi.

Usitegemee swichi hizi ziwe kama waya. 4066 ikilishwa volti 15 ina ukinzani wa kama omu 125, ila kwa volti 5 unafika mamia kadhaa, tena unabadilika sauti inapopanda na kushuka. Huko kubadilika ndiko kunakochafua sauti. Ukiweka baada yake op-ampu (chipu ya kukuza mawimbi) yenye ukinzani mkubwa wa kuingilia, kilo-omu 100 kwenda juu, uchafu unakuwa mdogo sana. Spika au hedifoni usizifunge moja kwa moja. Kwa spika tumia relei, yaani swichi inayovutwa na sumaku ya umeme.

Upande wa lojiki ni mwepesi. Kwenye 4013 unganisha pini 2 na 5, kila pigo kwenye pini 3 linageuza hali. Kitufe hurukaruka kwa milisekunde kadhaa, kwa hiyo kipitishe kwenye kilo-omu 100 na nanofaradi 100, halafu geti moja la 40106, chipu inayoligeuza badiliko la polepole kuwa pigo moja safi. Pini 6 iende graundi. Pini 4 ipate kapasita ya nanofaradi 100 kutoka kwenye umeme na kilo-omu 100 kwenda graundi, ili kisanduku kiwake kikiwa upande uleule kila siku. Pini za kuingilia za nusu ya 4013 usiyoitumia zifunge graundi zote. Zikielea, hata kusogeza mkono karibu kunaweza kuzigeuza.

Tak ilipoisha, katika ukimya nikaanza kuisikia redio kwa mbali, hasa sauti nyembamba, wakati nimechagua kinanda. Ilikuwa inavuja kupitia swichi iliyozimwa. Nilikuwa na swichi 2 zilizobaki kwenye 4066, nikazifanya za kuzamisha: kila sauti inapita kwanza rezista ya kilo-omu 1, kisha swichi ya ziada inaivuta kwenye zile volti 4.5 inapokuwa haijachaguliwa. Pini 1 ya 4013 inawasha redio na kuzamisha kinanda, pini 2 inafanya kinyume chake. Redio ikanyamaza.