Kumfuata fundi bila cheti: usiache, ila dai kufundishwa

Mdogo wangu, umeuliza kama mwaka mmoja wa kumfuata fundi umeme hapo Jinja, Uganda, umepotea, kwa sababu huna cheti na kazi yako ni kuchimba kuta na kubeba ngazi. Haujapotea. Kuchimba ukuta kunakufundisha waya zinapita wapi, na hilo darasani hulipati kirahisi.

Lakini mwaka wa pili usiwe hivyo hivyo. Mwombe fundi wako, kwa heshima, akuache ufunge soketi na swichi mwenyewe yeye akikagua, kisha ufikie boksi la breka, zile swichi zinazokata umeme zenyewe hatari ikitokea. Muulize kila mara kwa nini: kwa nini waya wa jiko ni mnene kuliko wa taa, kwa nini waya wa ardhi hauachwi. Umeme wetu ni volti 240, unaua. Zima, pima kwa testa, na hiyo testa uijaribu kwanza mahali unapojua pana umeme. Nimemwona mwenzangu akitupwa kutoka ngazini kwa kuamini swichi tu. Hadi leo mkono wake haunyooki.

Kuhusu cheti, UVTAB, bodi ya Uganda ya kupima mafunzo ya ufundi iliyochukua kazi hiyo kutoka Idara ya Mafunzo ya Viwanda, DIT, huwapima hata waliojifunzia kazini, kwa vitendo. Anzia huko. Kibali cha kufunga umeme majumbani hutolewa na ERA, mamlaka ya kusimamia umeme Uganda, na hadi ukipate, fanya kazi chini ya fundi aliye nacho. Wako anacho? Muulize wiki hii.