Maswali ya Wasomaji: Chango la mtoto, mvuje na matone ya probiotiki

Mwanangu ana wiki 5, ananyonya tu. Ikifika saa 12 jioni analia mpaka saa 3 usiku, anakunja miguu, tumbo linakuwa gumu. Mama mkwe anasema ni chango, ameleta mvuje na shamari, anataka nichemshe nimpe kijiko kimoja kimoja. Nimpe? – Mama wa kwanza, Tanga

Usimpe, dada. Mama mkwe ameutambua ugonjwa vizuri: kilio cha jioni kwa mtoto anayenyonya na kuongezeka uzito ndilo chango lenyewe. Huanza wiki ya pili au ya tatu, hupamba moto karibu na wiki ya 6, na wengi huliacha wakifika miezi 3 hadi 4. Shida iko kwenye dawa.

Mvuje ndio wa kuogopwa zaidi. Mwaka 1984 madaktari wa Marekani waliripoti mtoto mchanga aliyepewa mvuje kwa ajili ya chango, damu yake ikashindwa kubeba oksijeni. Damu ya mtoto mchanga huharibika hivyo kwa urahisi kuliko ya mtu mzima. Mtoto akiwa wa bluu mdomoni baada ya kupewa dawa ya kienyeji, kimbilia hospitali saa hiyohiyo.

Shamari si sumu kama hiyo, na chai iliyochanganya shamari na mimea mingine iliwahi kupimwa Israeli mwaka 1993, ikatuliza watoto wengi. Lakini angalia kipimo: hadi mililita 150 kwa mara moja, hadi mara 3 kwa siku. Tumbo la mtoto wa wiki 5 likijaa maji kiasi hicho, maziwa yataingia wapi? Tena ya kuchemsha nyumbani haina kipimo, leo nyepesi, kesho nzito. Mamlaka ya dawa ya Ulaya haishauri shamari kwa watoto chini ya miaka 4. Kile kiungo chenye umbo la nyota (star anise) kiepuke kabisa: kina ndugu yake wa Kijapani anayefanana naye, ambaye husababisha degedege. Asali nayo hapana kabla ya mwaka mmoja.

Jioni mbebe kifua kwa kifua, mcheulishe baada ya kila titi, na umwache amalize titi moja kabla ya kumhamishia la pili. Ukielemewa, mlaze chali mahali salama, toka nje dakika chache upumue. Mtoto asitikiswe kamwe, ubongo wake huvuja damu.

Haya si chango, mpeleke hospitali: homa ya 38 au zaidi, matapishi ya kijani, damu kwenye choo, utosi uliovimba, uvimbe kwenye kinena, au kukataa kunyonya.

Duka la dawa wameniuzia matone ya probiotiki. Yanasaidia kweli? Nayampaje? – Mombasa

Probiotiki ni bakteria hai wanaopewa mtu kwa faida ya tumbo. Soma kwanza jina la bakteria kwenye boksi, mpaka namba za mwisho. Aina yenye ushahidi mzuri kwa chango ni Lactobacillus reuteri DSM 17938 (maboksi mapya huandika Limosilactobacillus reuteri, ni yuleyule). Neno "probiotiki" peke yake halitoshi, maana bakteria wa aina nyingine hawajathibitishwa hivyo. Mwaka 2018 yaliunganishwa majaribio manne yenye watoto 345: kufikia siku ya 21, waliopewa walilia pungufu kwa dakika 25 hivi kwa siku kuliko wasiopewa. Nafuu ilikuwa kwa wanaonyonya. Kwa wa maziwa ya kopo haikuonekana wazi.

Kipimo cha kawaida ni matone 5 mara moja kwa siku, yaani bakteria milioni 100. Tikisa chupa sekunde 10, kwa sababu bakteria hukaa chini ya mafuta. Wengi husahau hapa, wakampa mtoto mafuta matupu mwezi mzima. Dondoshea kwenye kijiko safi, ongeza maziwa kidogo uliyokamua, mpe taratibu. Maziwa yasiwe ya moto na mdomo wa chupa usimguse mtoto. Boksi likisema chini ya nyuzi 25, kwa joto la Mombasa chupa ikae kwenye friji.

Shirika la Afya Duniani halihesabu matone ya dawa kuwa yamevunja unyonyeshaji wa maziwa ya mama pekee, chai inavunja. Siku 21 zikipita bila nafuu, acha, usibadilishe tu chupa. Mtoto njiti asipewe bila daktari wake: mwaka 2023 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo kuhusu probiotiki kwa watoto hao.

Na gripe water, ile dawa ya maji ya kutuliza tumbo la mtoto? – Dodoma

Hatuipendekezi. Ya kwanza ilitengenezwa Uingereza mwaka 1851 ikiwa na pombe ndani. Za leo nyingi hazina, lakini zina magadi na mara nyingine sukari, na hakuna ushahidi mzuri kwamba zinaondoa chango. Matone ya kuvunja gesi yenye simethikoni nayo hayajaonyesha kushinda maji matupu.

Nanyonyesha. Niache maharage na kabichi? – Kisumu

Kula. Gesi ya tumboni mwako haiingii kwenye maziwa. Ila mtoto akiwa na ukurutu, choo chenye makamasi au damu, mwone daktari kwanza. Anaweza kukushauri uache maziwa ya ng'ombe wiki 2, pamoja na mtindi na chai ya maziwa. Kipindi hicho ongeza dagaa wanaoliwa na mifupa yao, usikose kalsiamu. Zikiisha wiki 2, rudisha maziwa uone: kilio kisipobadilika, endelea kuyanywa.