Wanja, dawa za shamba na kinga ya mtoto: maswali yenu

Meseji ni nyingi, nimechukua hizi tatu.

*Mama mkwe anampaka mwanangu wanja wa manga tangu ana siku saba, nesi kliniki kakataza. Nimsikilize nani? (Mama wa Makorora)*

Nesi, shoga angu. Wanja wa manga mara nyingi ni jiwe la kusagwa lenye madini ya risasi, mtoto akijifikicha jicho kisha akanyonya kidole imeshaingia, na tumbo la mtoto linafyonza risasi zaidi ya letu. Kinachoumia kwanza ni ubongo, ila na kinga nayo inavurugika. WHO wanasema hakuna kiwango salama. Kama bibi anaogopa husda amsomee dua, dua haina risasi.

*Mke wangu mjamzito na mie napulizia dawa kwenye nyanya. Kwani mtoto wa tumboni ana kinga gani ya kuharibika? (Baba mtarajiwa, Lushoto)*

Kaka, ndo inajengwa saa hizi! Kuna tezi inaitwa thaimasi, iko kifuani juu ya moyo, humo seli za ulinzi zinafunzwa kujua huyu wetu huyu adui, tezi yenyewe inafanya kazi sana utotoni na baada ya balehe inasinyaa, kwa hiyo kemikali ikiingia kipindi cha mafunzo, hata kiasi ambacho wewe hukisikii, mtoto anaweza kuathirika. Bangladesh, mama waliokunywa maji ya visima yenye sumu ya aseniki wakiwa wajawazito, watoto wao walionekana na thaimasi ndogo na vifua vya mara kwa mara. Nyie vueni nguo za shamba nje, zisifuliwe beseni moja na za mkeo, na kopo la dawa lisigeuzwe la kuchotea maji hata mlisugue vipi (nayaona sana haya).

*Nasikia kemikali zinapita kwenye maziwa, nimwachishe? Na chanjo si kazi bure tu? (Bi mdogo, Muheza)*

Usithubutu. Kupita zinapita, kweli. Visiwa vya Faroe huko Ulaya, mtafiti Grandjean na wenzake walichapisha 2012 kwamba watoto wenye PFAS nyingi kwenye damu, zile kemikali za vikaango visivyogandisha na nguo zisizolowa, walikuwa na kinga pungufu ya pepopunda na dondakoo licha ya kuchanjwa. Pungufu, sio hamna. Maziwa yako yana kinga ambayo ya kopo hayana, mnyonyeshe miezi 6 bila kitu kingine, na kliniki ya chanjo wiki ya 6, 10 na 14 nenda hata mvua inyeshe.