Kabla Hujauliza Bei ya Marikiti, Jiulize Nyanya Zilichumwa Saa Ngapi

Wanaoanza kulima nyanya Kajiado na kuzileta soko la Marikiti, Nairobi, huniuliza kwanza broka (dalali) yupi ni mwaminifu na kreti inaenda kwa ngapi. Mimi huwauliza: vibarua walianza kuchuma saa ngapi, na mzigo ulikaa wapi ukingoja gari?

Mzigo wangu wa kwanza ulichumwa kuanzia saa nne asubuhi. Makreti 14 yalikaa kando ya barabara, juani, mpaka pikapu ilipofika saa kumi jioni, kisha tukayafunika turubai gubigubi. Tulipofungua Marikiti alfajiri, za juu zilikuwa safi na za chini zilikuwa zikichuruzika maji. Makreti manne tuliyamwaga. Nilimlaumu dereva, nikailaumu barabara. Ilinichukua misimu miwili kukubali kwamba nyanya zile zilikuwa zimeharibika kabla hazijapakiwa.

Nyanya ikishachumwa haijafa, bado inapumua. Joto likizidi inapumua mbio, inaiva mbio, inalainika mbio. Kwa hiyo chuma asubuhi, umande ukishakauka na jua halijawa kali, kwa sababu nyanya iliyolowa huota ukungu upesi. Jengea kivuli palepale shambani, hata cha nguzo nne na nyasi. Ukikosa pesa za kitu kingine chochote, kivuli usikose.

Rangi nayo ina hesabu yake. Kwa safari ya mbali chuma zile zinazoanza kugeuka, zenye wekundu kidogo upande wa chini. Zitamalizia kuiva njiani na sokoni. Lakini mama mboga wa Kangemi anayeuza siku hiyohiyo anataka nyekundu, kwa hiyo mjue mnunuzi kabla ya kuwatuma vibarua shambani. Waambie wakate kucha na waondoe vikonyo: kikonyo kikavu hutoboa nyanya ya jirani kama msumari, na kila tundu ni mlango wa kuoza.

Sasa kreti. Kreti kubwa ya mbao hubeba zaidi ya kilo 60, na nyanya ya chini kabisa inabeba uzito wa zote zilizo juu yake kutoka Loitokitok, huko Kajiado, hadi Nairobi. Kreti ya plastiki ya kilo 20 hivi ina tundu za hewa, haina misumari, na huoshwa. Najua ugumu wake: inagharimu, inapotea, na mabroka wengi wamezoea kununua kwa kreti kubwa. Mimi nilipaka zangu rangi ya njano, nikapatana na mnunuzi mmoja kupimiana kwa kilo, na makreti matupu hurudi na pikapu ileile. Kama bado unatumia za mbao, gonga misumari yote iingie, tandika magazeti ndani, na usijaze mpaka mfuniko ukandamize.

Chambua kabla ya kupakia, hata kama dereva anapiga honi. Nyanya iliyoiva sana au iliyopasuka hutoa gesi ya ethilini kwa wingi, na gesi hiyo huziivisha nyingine kwa haraka. Zile ulizotenga si taka. Wenye vibandaski, yaani vibanda vya chakula, hununua nyanya laini za kupikia mchuzi, mradi uwapelekee siku ileile.

Swali la friji huja kila mara: je, nyanya zihifadhiwe humo? Nyanya ambayo haijaiva ikikaa siku kadhaa chini ya nyuzi 10 huumia: haiivi sawasawa, inakosa ladha, kisha inaoza. Lakini kwa sukuma wiki na spinachi, chumba cha makaa ni msaada mkubwa. Ni kuta mbili za waya zilizojazwa makaa katikati, na maji yanayodondoka juu yake. Maji yakigeuka mvuke, ndani kunapoa bila stima. Penye hewa kavu kama Kajiado kinafanya kazi vizuri. Wakati wa mvua nguvu yake hupungua.

Ukichuma safari ijayo, jaza kreti mbili kutoka mstari mmoja. Moja iweke kivulini mara moja, nyingine iache juani mpaka gari lije. Zitie alama, zisafirishe pamoja, halafu siku ya tatu zifungue zote mbili mbele ya vibarua wako.