Ukienda kujadili sheria ya uchaguzi, nenda na hesabu ya viti

Wanaoamua kama sheria ya uchaguzi ibadilishwe ni wale wale walioingia bungeni kwa sheria hiyo hiyo. Mbunge anayejadili bei ya mbolea huenda hana hata shamba, lakini anayejadili namna ya kugawa viti anajadili kiti alichokikalia. Jambo hili nililiona kwa karibu Hargeisa, mji mkuu wa Somaliland, nilikokuwa nikifundisha takwimu kwenye chuo kimoja cha binafsi, na jioni nikiwasaidia vijana waliokuwa wakiandaa maelezo ya kuwapelekea wabunge. Wewe unayejiandaa kwa mjadala wa aina hii, iwe bungeni, kwenye baraza la madiwani, kwenye ushirika au chama cha wanafunzi, nakusihi: hoja za haki peke yake hazitakufikisha. Nenda na hesabu ya viti, na iwe hesabu ya kweli hata pale inapokuumiza.

Nianze na nchi yenyewe. Somaliland ilijitenga na Somalia na kujitangazia uhuru mjini Burao tarehe 18 Mei 1991, baada ya vita vikali na serikali ya Somalia chini ya Siad Barre, na ikaishi zaidi ya miaka thelathini bila kutambuliwa na nchi yoyote mwanachama wa Umoja wa Mataifa. Mwanzoni hakukuwa na kura ya wananchi. Wazee wa koo walikutana Borama mwaka 1993, wakakaa miezi kadhaa, wakamchagua Mohamed Ibrahim Egal kuwa rais na kugawana viti kwa koo. Katiba iliyopitishwa kwa kura ya maoni tarehe 31 Mei 2001 ndiyo iliyofungua njia ya vyama, tena ikaweka ukomo: vyama vya kitaifa visizidi vitatu. Makundi ya kisiasa hushindana, matatu yanayoongoza yanakuwa vyama, na mengine yanakwisha. Shabaha ilikuwa kuzilazimisha koo zishirikiane, kwa sababu hakuna ukoo mmoja unaoweza kukibeba chama peke yake nchi nzima.

Sasa fikiria uzito wa kanuni mahali kama hapo. Aprili 2003 Dahir Rayale Kahin alitangazwa mshindi wa urais dhidi ya Ahmed Mohamed Silanyo kwa tofauti ya kura 80. Themanini, nchi nzima. Masanduku mawili matatu yakihesabiwa kwa kanuni nyingine, rais anakuwa mwingine. Kesi ikaenda Mahakama ya Juu, Rayale akathibitishwa, na Silanyo akakubali. Alikuja kushinda mwaka 2010. Watu waliopitia hali hiyo hawaihesabu sheria ya uchaguzi kuwa jambo la wanasheria. Muuza chai wa Hargeisa atakueleza mkoa wake una viti vingapi na unastahili vingapi.

Hapo kwenye mgawo wa viti kwa mikoa ndipo mjadala unapokwama kila mara. Baraza la Wawakilishi lina viti 82. Hakujawahi kufanyika sensa inayokubaliwa na wote, kwa hiyo kila upande una idadi yake ya watu, na kila idadi inampendelea aliyeitaja. Kabla ya uchaguzi wa wabunge wa Septemba 2005 suala hili lilichelewesha mambo sana. Suluhisho lao mimi bado nalistaajabia: walirudi kwenye bunge la mwaka 1960, lile lililochaguliwa Somaliland ilipokuwa ikitoka mikononi mwa Waingereza, lenye viti 33, wakaukuza mgawo wake mpaka kufikia 82. Je, ulikuwa mgawo wa haki? Baada ya miaka arobaini na mitano ya watu kuhama, kukimbia vita na kurudi, ni wazi haukuwa. Lakini hakuna aliyekuwa mezani ambaye angeweza kutuhumiwa kuupika. Ushauri wangu hapa ni huu: mkikosa takwimu mnayokubaliana, tafuteni iliyoandikwa kabla ya ugomvi wenu kuanza, na mseme waziwazi kwamba ni ya muda. Hilo la mwisho msilisahau. Mgawo ule ule ndio uliotumika tena mwaka 2021, kwa sababu cha muda kisichopewa tarehe ya mwisho huzeeka kikawa cha kudumu.

Kuna na jambo zito zaidi. Mashariki, hasa mkoa wa Sool, wengi hawaikubali Somaliland yenyewe, na mwaka 2023 vita vilizuka Las Anod, mji mkuu wa mkoa huo. Kwa hiyo viti vya Sool ni hesabu ya wapiga kura na papo hapo ni swali la nani ni wa nchi hii. Ukiingia kwenye mjadala usidhani swali lililoandikwa kwenye ajenda ndilo pekee linalojadiliwa. Uliza mapema, faraghani, watu wanaogopa nini.

Niwaonyeshe sasa hesabu ninayoisema, kwa mfano niliozoea kuuandika ubaoni. Namba ni zangu za kufundishia. Chukua mkoa wenye viti 10 na kura halali 60,000. Kila kiti kinagharimu kura 6,000. Chama cha kwanza kina kura 27,000, cha pili 20,000, cha tatu 13,000. Cha kwanza kinapata viti vinne na salio la 3,000, cha pili vitatu na salio la 2,000, cha tatu viwili na salio la 1,000. Kiti cha kumi kinakwenda kwenye salio kubwa, yaani chama cha kwanza. Matokeo ni tano, tatu, mbili.

Mtu akasimama akapendekeza mkoa huo upunguziwe viti viwe 7. Kila mtu ukumbini anaamini chama kidogo ndicho kitakachoumia. Hesabu tena kwa njia ile ile: kiti sasa ni kama kura 8,571. Cha kwanza kinapata vitatu, cha pili viwili, cha tatu kimoja, na salio kubwa safari hii liko kwa cha tatu. Tatu, mbili, mbili. Chama kikubwa kimepoteza viti viwili na kidogo hakijapoteza hata kimoja.

Nimewaona watu wazima, wenye miaka mingi kwenye siasa, wakiinuka vitini kuja karibu na ubao kuirudia hesabu hiyo wenyewe kwa kalamu. Mzee mmoja aliyewahi kuwa diwani aliniambia, "Mwalimu, futa, andika kura za mkoa wangu." Hapo ndipo mjadala wa kweli ulipoanza. Mpaka dakika hiyo wote walikuwa wakitetea msimamo wa kambi. Kuanzia hapo walikuwa wakiuliza maswali. Kwa hiyo kabla ya kikao chukua matokeo ya uchaguzi uliopita, yapitishe kwenye kanuni ya zamani na ile mnayoipendekeza, mkoa kwa mkoa au kata kwa kata, uyaweke kwenye karatasi moja isiyo na maneno mengi. Wape wote, hata mnaopingana nao. Anayepoteza kiti lazima alione hilo kwenye karatasi yako kabla hajanong'onezwa na mtu mwingine kwenye kikao cha mirungi alasiri. Akiliona kwako, anaweza kukuchukia lakini atakuamini. Akilisikia kwingine, kila utakachosema baadaye kitapimwa kama ujanja.

Suala la wanawake ndilo linaloniuma zaidi. Mwaka 2005 walichaguliwa wanawake wawili kati ya wabunge 82. Tarehe 31 Mei 2021 waligombea wanawake 13 na hakushinda hata mmoja. Mwaka huo huo, Barkhad Batuun, kijana wa jamii ya Gabooye iliyodharauliwa vizazi na vizazi, alipata Hargeisa kura nyingi kuliko mgombea mwingine yeyote. Basi wapiga kura wanaweza kuvuka mipaka ya ukoo wanapotaka. Kinachomkwamisha mwanamke ni kwamba koo hukaa mapema na kukubaliana nani apewe kura zao, na yeye hana ukoo unaomhesabu kuwa wake kikamilifu: kwa baba yake wanamwona ameshaolewa kwingine, kwa mumewe wanamwona mgeni. Mapendekezo ya kuwatengea wanawake viti yamefika bungeni zaidi ya mara moja, na hayakupita.

Watu wa Kenya wasione hili kuwa la mbali. Katiba yetu ya 2010 inasema jinsia moja isizidi theluthi mbili ya wajumbe wa chombo chochote cha kuchaguliwa, na mswada wa kulitekeleza hilo umeanguka mara kadhaa, wakati mwingine kwa wabunge kutofika tu ukumbini na akidi kukosekana. Septemba 2020 Jaji Mkuu David Maraga alimshauri rais avunje Bunge kwa sababu hiyo, na Bunge halikuvunjwa.

Nilichojifunza ni kwamba pendekezo la viti vya wanawake linakufa pale linapoonekana linang'oa viti vya waliopo. Mbunge hatasimama kusema anapinga wanawake. Atasema dini, mila, Katiba, gharama, au atakwenda chai wakati wa kupiga kura. Usipoteze nguvu kujibu hayo manne kabla hujajibu la tano ambalo hakulisema: kiti kitatoka wapi? Viti viongezwe juu ya vilivyopo? Mkoa upi uongezewe? Kila chama kilazimishwe kupanga wanawake nafasi za juu, na kama mpiga kura anachagua jina moja moja, orodha hiyo itamsaidia nani? Kwa mfumo wao, ambapo kura huangukia mgombea mmoja mmoja, kulazimisha vyama kuteua wanawake wengi kungeweza kuongeza wagombea bila kuongeza hata mbunge mmoja. Wanaharakati wengi nilioketi nao hawakupenda kusikia hivyo, na nawaelewa, lakini afadhali walisikie kwa rafiki kabla ya kikao.

Kisha kuna kuchelewa. Baraza lililochaguliwa 2005 lilikaa mpaka 2021, na muda wa taasisi mbalimbali umekuwa ukiongezwa na Guurti, baraza la wazee, ambalo lenyewe halijawahi kupigiwa kura na wananchi. Mwaka 2022 ulizuka mgogoro juu ya uchaguzi upi utangulie, wa rais au wa makundi yanayotaka kuwa vyama. Watu wakafa kwenye maandamano ya Agosti, na Oktoba muda wa rais ukaongezwa miaka miwili. Hatimaye walikubaliana chaguzi hizo mbili zifanyike siku moja, tarehe 13 Novemba 2024, na Abdirahman Mohamed Abdullahi, anayejulikana zaidi kwa jina la Irro, akamshinda Muse Bihi Abdi aliyekuwa madarakani. Madaraka yakakabidhiwa kwa amani. Najivunia kuwafahamu watu wa nchi hiyo, lakini damu ya Agosti ile isingemwagika kama sheria ingesema mapema kipi kinatangulia kipi.

Kwa hiyo mswada wako uwe na tarehe. Kanuni mpya inaanza uchaguzi upi? Kama ni huu ujao, waliopo watapigana nawe kwa meno. Kama ni wa baada ya huo, wengi hawajui watakuwa wapi wakati huo, na mtu asiyejua atakaa upande gani husikiliza haki kwa sikio jingine kabisa. Mimi nikiulizwa nichague kati ya mageuzi makubwa yanayoanza mwaka huu na ya wastani yanayoanza muhula unaofuata, nachagua ya pili bila kusita.

Na usiondoke mswada ukishapita. Daftari la wapiga kura la Somaliland lililoanza kuandikishwa 2008 lilijaa majina yaliyorudiwa, likafutwa, na uchaguzi wa madiwani wa Novemba 2012 ukafanyika bila daftari lolote. Sheria ilikuwepo na vyama vilikuwepo, lakini mtu aliweza kupiga kura kituo hiki akahamia kile. Ilibidi kuanza upya kwa kupiga picha mboni za macho ya watu, na daftari hilo ndilo lililotumika kwenye uchaguzi wa rais wa 2017. Siku bunge linapopitisha kanuni, nenda kwa tume ya uchaguzi ukaulize nani anaandika taratibu za kuitekeleza, lini zinatoka, na kama mgombea wa kawaida anaruhusiwa kuzisoma kabla hazijasainiwa.